Mrejesho: kupolishi gari nyumbani kwa mashine

Wakuu, ni mimi niliyeuliza kama asiye fundi anaweza kupolishi mwenyewe gari jeusi lililojaa mikwaruzo ya kuoshea. Asanteni sana mlionijibu.

Nilichukua mashine inayozunguka huku ikiyumba, nikaachana na ile ya mafundi inayozunguka tu, maana hiyo inachoma rangi upesi. Madoa ya maji ya kisima (sisi wa Mbagala tunayajua) yalitoka kwa siki iliyochanganywa na maji kabla hata sijawasha mashine. Plastiki nyeusi niliziba kwa tepu ya karatasi. Aliyesema nianze na kompaundi (dawa ya kusugulia rangi) laini, nikimaliza kipande kimoja cha bodi cha sentimita 50 kwa 50 ndipo niende kingine, Mungu ambariki: boneti imeng'aa, ile kali sijaifungua. Kivuli ni lazima. Kwa jua la Dar, saa nne tu asubuhi kompaundi inakaukia kwenye bodi, na kuifuta ni shughuli.

Mlango wa kushoto bado. Mikwaruzo inayonasa ukucha imefifia tu, na sitausugua tena nisije nikamaliza kliya (tabaka angavu la juu linalokinga rangi). Huo utakwenda kupigwa rangi. Waksi nimeshapaka.