Vigezo vya kuchagua mwenzi: ni mageuzi au ni mazingira?

Swali (Mafinga): Ndugu zangu, huku kwetu wazee humuuliza binti kwanza kama mchumba wake ana shamba la miti. Je, matakwa hayo tumeyarithi kwa mageuzi ya viumbe?

Jibu (Mbeya mjini): Kwa sehemu, ndiyo. Mwanabiolojia Robert Trivers alieleza mwaka 1972 kwamba jinsia inayogharimika zaidi katika uzazi na malezi huwa makini zaidi katika kuchagua. Na mimba ya miezi tisa, pamoja na kunyonyesha, si gharama ndogo. Mwaka 1989 mwanasaikolojia David Buss alichapisha utafiti wa tamaduni 37, ambamo wanawake, kwa wastani, walijali kipato cha mwenzi zaidi ya wanaume walivyokijali, nao wanaume wakajali zaidi ujana na sura.

Jibu (Tukuyu): Takwimu nazikubali, hitimisho silikubali. Wanasaikolojia Alice Eagly na Wendy Wood walizichambua upya takwimu hizo za Buss mwaka 1999, wakaona kwamba penye usawa mkubwa wa kijinsia tofauti kadhaa, hasa ile ya kipato, hupungua. Mama mwenye migomba na ng'ombe wake mwenyewe hana haja ya kuhesabu miti ya mtu. Isitoshe, katika utafiti huo wa Buss jinsia zote mbili ziliuthamini sana wema, jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita kimya.

Muulizaji: Ahsanteni. Hilo la wema nitawafikishia wazee.