Adhana ya Jongowe naisikia alfajiri, adhuhuri siisikii. Kwa nini?

Mchemsha Dagaa, Mkokotoni
Assalaam alaykum. Mimi nachemsha dagaa ufukweni, kwa hiyo kabla ya alfajiri nishawasha kuni. Bahari ikiwa shwari, adhana ya Jongowe, kule kisiwani Tumbatu, inanifika hadi nasikia muadhini anapovuta pumzi. Adhuhuri, msikiti ule ule, spika ile ile, sipati hata neno. Naambiwa ni kelele za mchana. Lakini kuna siku soko lilikuwa kimya, nikasimama ukingoni mwa maji nikatega sikio. Wapi!

Kinachonisukuma kuuliza si adhana peke yake. Msimu uliopita wa Kusi, ule upepo wa kusini, mwanangu alivunjikiwa na mrengu wa ngalawa, ule ubao wa pembeni unaoizuia isipinduke, akirudi alasiri. Alipiga ukelele mpaka koo likamkauka. Sisi pwani hatukusikia kitu. Yeye anasema alikuwa akinisikia nikivutana bei na mchuuzi. Mpaka leo linaniuma: sauti yangu ilimfika, yake haikunifika.

Mvuvi wa Nungwi
Wa alaykum salaam dada. Huo ni umande. Upepo wa alfajiri ndio unaoleta adhana.

Mwalimu Mstaafu, Wete
Wa alaykum salaam, mama, na pole sana kwa yaliyomkuta kijana. Nimesomesha fizikia skuli miaka mingi, na swali hili nalipenda.

Mvuvi, umande hutoka nchi kavu kwenda baharini. Hapo Mkokotoni unatoka kwa mama kuelekea Tumbatu, hauwezi kumletea adhana. Ila hukukosea sana, maana umande ni hewa ya baridi, na baridi ndiyo yenye kazi hapa.

Sauti haiendi moja kwa moja kama kamba iliyovutwa. Katika hewa ya nyuzi 30 inakwenda karibu mita 349 kwa sekunde, katika nyuzi 20 ni mita 343. Basi ni kama dau ambalo makasia ya upande mmoja yamelegea: linageukia upande uliolegea. Sauti nayo hugeukia kwenye baridi. Usiku wa mbingu wazi nchi inapoa, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, na umande unaitandaza juu ya mkondo, yale maji kati yenu na Tumbatu. Sauti ikitaka kupanda inarudishwa chini, na maji yaliyotulia hayaimezi, yanairusha tena mbele. Adhuhuri mchanga unachoma, hewa iliyo karibu na ardhi ndiyo ya moto, na sauti inapinda juu. Adhana inapita juu ya kichwa chako, mama. Kelele za mchana zipo pia, lakini si peke yake.

Sasa Kusi. Watu hudhani upepo unasomba sauti kama makapi. Upepo wa mita 10 kwa sekunde ni kitu kidogo mbele ya 349. Siri ni kwamba chini upepo unakwaruzana na mawimbi na minazi, unakwenda polepole, na juu unakwenda mbio. Sauti inayofuatana na upepo inainamishwa chini, masikioni mwa watu. Inayoupinga inainuliwa. Kusi kwenu inatoka nchi kavu kwenda mkondoni. Maneno yako yalimshukia mwanao, ukelele wake ukakupita juu. Hukuwa mzembe.

Kila mwenye chombo ninamwambia hivi: kumsikia mtu wa pwani si dalili kwamba naye anakusikia. Usingoje. Washa tochi.

Kijana wa Jongowe
Mwalimu amesema kweli. Mchana wa Kusi honi za gari za Mkokotoni tunazisikia huku kama ziko kwenye uchochoro wetu. Na unyevu wa hewa je? Babu anasema ndio unaobeba sauti.

Mwalimu Mstaafu, Wete
Babu ana haki kidogo. Hewa kavu humeza sauti nyembamba kuliko hewa yenye unyevu. Lakini visiwani unyevu upo mwaka mzima, kwa hiyo hauelezi tofauti ya alfajiri na adhuhuri.

Mchemsha Dagaa, Mkokotoni
Mwalimu, Mungu akuzidishie. Nimemsomea mwanangu maneno yako mara mbili, akanyamaza muda mrefu. Jana nimenunua tochi, tumeifunga mifuko miwili ya nailoni isiingie maji, iko chini ya tezi, nyuma ya ngalawa. Tumekubaliana: akiwasha mara tatu, nakwenda kumwamsha jirani mwenye boti.