Programu ya montaji imeniwekea fremu 24 bila kuniuliza, video ya ndoa inaruka-ruka

kamera_nyawera (Bukavu)
Jambo bandugu. Munisamehe, leo niko na hasira. Nilipiga video ya ndoa, kamera niliweka 25, ni kusema fremu (picha) 25 kila sekunde, nikaangalia mara mbili. Montaji nimeifanya siku tatu, mingi usiku ju muchana umeme inakuja inaenda, film iko ya saa moja na dakika 50. Asubui nimeitoa, nimeiweka ku televizyo ya nyumbani, nafika pale kamera inazunguka polepole toka kwa bibi-arusi mpaka ku ziwa, na ziwa inaruka. Kila sekunde, tak, tak, kama mutu mwenye kwikwi. Nikazani masini imechoka, nikaitoa tena, bure, iko vilevile.

Naingia mu parametre za projeti nakuta 24. Nani aliweka 24?? Sio mimi! Na kale kanafasi ka kubadilisha kako pale kamekuwa kijivu, unabonyeza hakasikii, kumbe ukishaweka klipu ya kwanza ku taimlaini (ule mustari wa kupanga klipu), njo imeisha, hautagusa tena. Sasa kama kitu haiwezi kubadilika nyuma, ju ya nini hawakuulizi mwanzo? Kadirisha ka kukuonesha vitu vipya kanajua kutokea, hii swali moja ya maana haipo. Mama ya bibi-arusi ameshapiga simu mara mbili. Nianze yote upya?

yaya_wa_montaji (Goma)
Pole ndugu, usianze upya. Hata mimi ilinipata. Projeti ndio imefungwa lakini mu projeti ileile unaweza fungua taimlaini mupya, na pale pa kuifungua kuna kamraba kanasema itumie parametre za projeti. Toa alama mu kale kamraba, kisha andika 25 wewe mwenyewe. Rudi ku taimlaini ya zamani, chagua yote, kopi, ukabandike mu mupya. Lakini pitia kila kiungo ya klipu na macho yako, inaweza kubakia katundu keusi ka fremu moja hapa na pale.

Halafu ukimaliza, fungua projeti ingine haina kitu, weka 25, weka vyote unavyopenda, kisha mu vile vidoti vitatu vya parametre kuna pa kusema hii njo iwe ya kuanzia kila siku. Wameificha kabisa, mimi niliipata kisha mwaka muzima.

mzee_wa_kaseti
Vijana muko na haraka. 24 si wazimu ya mutu, ni kipimo ya sinema tangu sauti iliingia mu filamu miaka ya 1920. Kwetu umeme iko 50 Hz njo maana televizyo ilifuata 25, Marekani iko 60 wakafuata 30, halafu rangi ilipokuja mu 1953 wakashusha kidogo ikawa 29.97. Programu haijui wewe uko Bukavu. Ukiitia klipu ya 25 mu 24, inatupa fremu moja kila sekunde, mu film yako hesabu mwenyewe, 6600. Ungesoma parametre mbele.
Na angalia kamera pia, shuta (muda kamera inafunguka kwa kila picha) ikiwa 1/60 ya sekunde chini ya taa za neoni, picha inapepesa. Weka 1/50.

kamera_nyawera
@mzee_wa_kaseti aksanti kwa hesabu, lakini klipu yenyewe imeandikwa 25 ndani. Programu inaisoma, inaionesha paka pale chini ya jina. Inajua, na inanyamaza!

dada_himbi (Goma)
Haha apo iko na haki. Mimi vyenye viliniliza ni klavye. Kukata mwanzo wa klipu ni Shift na mabano ya mraba, sasa ku AZERTY yetu, klavye ya Kifaransa, mabano inataka kitufe AltGr, unajikuta na vidole vitatu vimefungana kama unasuka nywele. Nimeihamishia ku herufi zingine, njo napumua. Na ile kitufe N! Unaigusa na bahati mbaya, sumaku inazimika, klipu haishikane tena na ingine, na hakuna kitu inakuambia, paka kapicha kadogo ka sumaku juu kamebadilika rangi, ku ekra yangu ya piksel 1366 sikaoni hata nikivaa miwani. Nilitafuta siku nzima nikizani nimeharibu projeti.

kamera_nyawera
Bandugu imekubali. Taimlaini mupya, 25, nikabandika, nikakuta vitundu vyeusi vitatu, kimoja paka pale wanavalishana pete, nikaziba. Ziwa imetulia. Ila maandishi ya majina mwanzoni yamesogea kidogo, nitayarudisha usiku umeme ikija. @dada_himbi hiyo N, sasa naelewa kilichonipata mwezi wa tatu.