Naombeni ushauri: tambi za soseji na pilipili hoho, mapishi ya Kitaliano

MpishiMvivu
Wakuu, habari zenu. Keshokutwa jioni nina wageni wanne, nataka kuwapikia tambi za soseji na hoho kama wanavyopika Waitaliano. Shida ni kwamba maelekezo ninayosoma yanapingana. Huyu anachemsha soseji kwanza, yule anazikata vipande, mwingine anazivua ngozi na kuzivuruga kama nyama ya kusaga. Hoho nazo wengine wanazikaanga peke yake, wengine wanatupia kila kitu na nyanya kwa pamoja. Nimfuate nani? Mgeni mmoja hali nguruwe, halafu nitakuwa na saa moja tu jikoni.

BiSufuria
Soseji zako ni mbichi au ni zile laini zilizokwisha kupikwa kiwandani? Hapo ndipo maelekezo yanapoachana. Salsiccia, yaani soseji ya Waitaliano, ni nyama mbichi ya kusaga yenye chumvi na pilipili manga, mara nyingi na mbegu za shamari pia. Hiyo ipasue, toa ngozi, ibomoebomoe kikaangoni. Mafuta yatakayotoka ndiyo msingi wa sosi. Zilizopikwa tayari hazibomoki, zikate tu vipande.

Kuhusu huyo mgeni, usihangaike na sufuria mbili, wapikie wote ya ng'ombe au kuku. Ila soma pakiti vizuri: soseji ya kuku inaweza kuwa imejazwa kwenye utumbo wa nguruwe. Na kama maelekezo yako yanataka mvinyo, uache, weka supu kidogo.

MpishiMvivu
Asante dada. Ni za ng'ombe, mbichi.

KijikoChaMbao
Basi umerahisishiwa kazi. Kwa watu watano: soseji gramu 500, tambi gramu 450 hivi, hoho kubwa tatu, kitunguu, saumu, kopo moja la nyanya la gramu 400. Hoho chukua nyekundu au njano. Ya kijani ni hoho ambayo haijaiva, ina kauchungu fulani. Moja ukiichanganya si vibaya.

Anza na soseji, moto mkali kiasi, na mafuta ya zeituni vijiko viwili kwa kuwa ya ng'ombe huwa kavu. Usiikoroge kila sekunde! Iache ishike rangi ya kahawia ndipo uigeuze. Ikiiva hadi ndani itoe, weka hoho na kitunguu kwenye mafuta yaleyale. Kikaango kiwe kipana, maana hoho zikibanana zinatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika, na ladha yote ya mlo huu iko kwenye zile kingo zilizoungua kidogo. Saumu iingie mwishoni, isizidi dakika moja, ikiungua inakuwa chungu. Kisha nyanya, rudisha soseji, dakika 10 hadi 15 moto mdogo.

Hao wanaotupia vyote kwa pamoja wanapika mchuzi. Si mbaya, lakini ni chakula kingine.

MzeeWaChumvi
Kijana, usisahau kutia mafuta kwenye maji ya tambi zisishikane.

KijikoChaMbao
Shikamoo mzee. Hapo naomba nikupinge, mafuta yanaelea juu na tambi ziko chini. Dawa yake ni maji mengi, lita 1 kwa kila gramu 100, na kukoroga dakika mbili za mwanzo. Chumvi gramu 10 kwa lita.

MzeeWaChumvi
Marahaba. Mimi natia na hazishikani. Ingawa kukoroga nakoroga pia.

BiSufuria
😂 Mzee kajijibu mwenyewe.

MpishiMvivu, usizisuuze tambi. Kabla ya kuchuja, chota kikombe cha yale maji yake. Zitoe dakika 2 kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, zimalizie kuiva ndani ya sosi huku ukiongeza hayo maji kidogo kidogo. Yana wanga, ndio unaofanya mafuta ya soseji na nyanya vishikane na kuganda kwenye tambi. Bila hivyo utaona mafuta yamejitenga chini ya sahani. Jibini weka baada ya kuzima moto, lisije likawa mabonge.

MpishiMvivu
Nimeelewa. Nina spageti ndani, zitafaa? Na naweza kupika leo usiku nikapunguza kazi?

KijikoChaMbao
Spageti zinalika, ila nyama itabaki chini kwenye sahani. Penne au rigatoni, zile tambi fupi zenye matundu, ni bora, vipande vinaingia humo ndani. Sosi pika hata leo. Ikipoa iweke kwenye friji, siku hiyo ipashe taratibu. Hoho zitoe zikiwa bado ngumu kidogo kwa sababu zitaiva tena wakati wa kupasha. Tambi chemsha wageni wakishaketi.