Huo mjadala wenu wa "mpira bora wa Kenya": mmemwachaje nje Aasif Karim?

Wadau, nimevumilia siku nne nikisoma tu, leo sinyamazi. Mjadala wa mpira bora, yaani mrusho mmoja bora, kuwahi kurushwa na mchezaji wa timu yetu ya taifa ya kriketi nimeusoma wote, tangu mwanzo mpaka orodha ya mwisho mliyoibandika, na moyo wangu umechemka.

Tuanze na aliyeulizwa mpira wa Kenya akajibu ule wa Shane Warne uliomtoa Mwingereza Mike Gatting, Manchester 1993. Mpira ule naujua, kila mpenda kriketi anaujua. Lakini Warne ni Mwaustralia! Swali lilisema Kenya. Badala ya kumrudisha kwenye mada, mkamshangilia, na kurasa mbili nzima zikaliwa na Waaustralia na Wapakistani. Mliporudi nyumbani mkaleta orodha ya mipira kumi, yote ya kasi, yote ni vijiti vinavyoruka. Spini, mpira wa polepole unaogeuka ukidunda, hakuna. Karim hakuna. Kuna mmoja akaandika kwamba mpira wa polepole hauwezi kuitwa mpira bora, eti huo ni mpira ambao mpigaji amekosea mwenyewe. Hapo ndipo niliposhindwa.

Durban, Afrika Kusini, tarehe 15 Machi 2003, Kombe la Dunia, Kenya dhidi ya Australia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Televisheni ilikuwa kwenye duka la spea la jirani yetu hapa Mombasa, nasi tumejazana mlangoni mpaka njia haipitiki. Kenya tulikuwa tumepata mikimbio 174 kwa wiketi 8, yaani wapigaji wetu 8 wametolewa, baada ya Brett Lee kututolea watu watatu kwa mipira mitatu mfululizo. Australia wakaingia, na Adam Gilchrist akawa anachapa kila kinachomjia. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Mzee mwenye duka akasema basi, azime, umeme ni pesa. Tukamwomba atuachie ova mbili tatu, yaani mipira sita mara mbili tatu.

Ndipo nahodha Steve Tikolo akampa mpira Aasif Karim. Mzaliwa wa Mombasa, miaka 39, ameshastaafu, karudishwa kwa ajili ya Kombe lile la Dunia. Huyu ni mtu aliyeiongoza timu kwenye Kombe la 1999, na ambaye aliichezea Kenya hata tenisi ya Davis Cup. Hatua chache, mkono wa kushoto unapanda, mpira unatoka taratibu kiasi kwamba unadhani ungeweza kusoma maandishi yake. Ricky Ponting, nahodha wa mabingwa wa dunia, akaukosa. Ukamgonga kwenye pedi mbele ya vijiti, kidole cha mwamuzi kikapanda: ametoka.

Duka lilinyamaza kwanza. Hatukuwa tumeamini. Halafu nikamwona yule mzee ananyoosha mkono kwenye televisheni, nikajua anazima, kumbe anaongeza sauti.

Darren Lehmann akagusa kidogo, Kennedy Otieno akadaka nyuma ya vijiti. Brad Hogg akaupiga ukamrudia Karim mwenyewe mikononi. Australia waliokuwa 109 kwa wiketi 2 wakajikuta 117 kwa wiketi 5, na waliokuwa wameondoka wakarudi mbio wakisukumana, wengine bila viatu. Hesabu ya Karim ilipofungwa ilikuwa hivi: ova 8.2, kati yake ova 6 bila mkimbio hata mmoja, mikimbio 7, wiketi 3. Kwa msiojua kuhesabu ova, hiyo ni mipira 50 na mikimbio 7. Dhidi ya timu ambayo siku nane baadaye ilibeba kombe bila kufungwa mechi hata moja! Tulishindwa kwa wiketi 5, ndiyo, lakini mchezaji bora wa mechi alikuwa Karim, na waliomchagua waliona tulichokiona sisi pale mlangoni.

Sasa niambieni alikosea nani. Ponting alikosea? Lehmann na Hogg nao? Wapigaji waliokuwa wanawamaliza warushaji wa kasi wa dunia nzima walikosea wote kwa pamoja, kwa mtu mmoja, siku moja? Mpira wa kasi unamnyima mpigaji nafasi ya kufikiri. Mpira wa Karim ulimpa nafasi yote anayoitaka, na bado akashindwa. Kwangu huo ni ugumu zaidi, na hamtanitoa hapo.

Mnataka mpira wa mwendo zaidi kidogo? Mbona Rajab Ali hamkumtaja? Pune, India, tarehe 29 Februari 1996, Kombe letu la kwanza la Dunia. Tulipiga 166 tu, na katika hizo, mikimbio 37 ilikuwa ya bure waliyotupa West Indies wenyewe, mingi kuliko ya mpigaji wetu yeyote. Akaja Brian Lara, mpigaji wao nyota, ambaye miaka miwili tu kabla alikuwa amepiga 375 dhidi ya Uingereza na 501 akiichezea Warwickshire, timu ya Uingereza. Rajab Ali hakuwa mrushaji wa kutisha kwa mwendo. Aliuweka mpira pale ambapo Lara asingeweza kuuacha, ukagusa ukingo wa gongo, na Tariq Iqbal, mlinda wiketi wetu mwenye mwili mkubwa, akaunasa. Lara nje kwa mikimbio 8. Rajab huyohuyo alishavivunja vijiti vya nahodha wao Richie Richardson. West Indies wakaisha kwa 93. Nilikuwa darasa la sita, na babangu aliyekuja na habari ile nyumbani alilazimika kuirudia mara tatu kabla mamangu hajaacha kumwambia amesikia vibaya.

Na msimfute Maurice Odumbe. Ova 10, mikimbio 15, wiketi 3, siku hiyohiyo, tena akiwa nahodha. Mnasema asitajwe kwa sababu alifungiwa miaka 5 mwaka 2004 kwa kuhusiana na watu wa kamari. Alifungiwa, akaitumikia adhabu. Pune ilikuwa 1996. Mipira ile ilirushwa, West Indies walishindwa, na hakuna hukumu iliyoigusa mechi ile.

Nije kwenye kinachoniuma hasa.

Nina mpwa wangu, miaka kumi na tatu, anarusha spini kwa mkono wa kushoto. Hakufundishwa na mtu, alianzia uchochoroni na mpira wa tenisi uliozungushwa tepu. Mwezi uliopita nikampeleka uwanja mmoja hapa pwani, sitautaja. Tulifika saa tatu asubuhi tukakuta hema la harusi limesimama katikati ya uwanja. Si pembeni. Katikati. Vigingi vya chuma vimepigiliwa juu ya pichi yenyewe, pale hasa mpira unapotakiwa kudunda. Vilivyokuwa vimeng'olewa vilikuwa vimeacha mashimo, nikaingiza kidole kikazama chote. Nikahesabu kumi na moja. Asiyejua spini hawezi kuelewa nilivyojisikia. Mrushaji wa namna hii hutafuta sehemu moja, ukubwa wa sahani, anaipiga mara mia mpaka mkono unaijua bila macho. Sahani yenyewe ina mashimo, mkono utajifunza nini? Nilipomuuliza msimamizi, akanijibu kwamba kriketi siku hizi haina wachezaji, na harusi ndiyo inayomlipa mshahara.

Tukahamia kwenye wavu wa mazoezi. Mkufunzi akamtazama mpwa wangu mipira sita, akamwambia aache kubembeleza, arushe kwa nguvu. Nikamuuliza huyo mkufunzi kama amewahi kumwona Aasif Karim akirusha. Akaniuliza ni nani. Tuko Mombasa, jamani!

Njiani mtoto akaniuliza, mjomba, huyo Karim ndiye nani? Nikamweleza habari ya Durban kama nilivyowaeleza hapa. Jioni akachukua simu, akaikuta orodha yenu. Akaisoma yote kumi. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mjomba, hayumo." Aliniangalia kama mtu niliyemdanganya.

Kwa hiyo anayeniambia hii ni orodha tu ya kupitisha muda, asinijibu. Tangu 2011 hatujacheza Kombe la Dunia. Mwaka 2014 tukapoteza hata hadhi ya mechi za kimataifa za ova 50. Majirani zetu Uganda walifika Kombe la Dunia la ova 20 mwaka 2024, na pale Guyana dhidi ya Papua New Guinea, Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, akarusha ova 4, mikimbio 4, wiketi 2. Spini hiyo! Polepole hiyohiyo mnayoidharau. Waganda wanamtaja kwa fahari, nasi tuliokuwa na Durban tunabandika picha za Manchester.

Na lile neno la kwamba 2003 tulibebwa mpaka nusu fainali kwa sababu New Zealand walikataa kuja Nairobi, limekwisha kuwa wimbo. Walikataa wenyewe, pointi zikaja. Canada je? Bangladesh je? Zimbabwe je, tuliowafunga kwa wiketi 7 Bloemfontein? Sri Lanka walikuja uwanja wa Nairobi Gymkhana na Jayasuriya wao na Muralitharan wao, tukapiga 210, wao wakaishia 157. Collins Obuya, spini tena, ya mkono wa kulia hii, akachukua wiketi 5 kwa mikimbio 24. Aravinda de Silva, Jayawardene, Sangakkara, wote wake. Warwickshire wakamchukua, akaumia, na spini ile haikurudi tena kama ilivyokuwa. Alirudi kama mpigaji, na mwaka 2011 akabaki na 98 bila kutolewa dhidi ya Australia. Nimefurahi kwa ile 98, lakini spini yake naililia mpaka leo.

Orodha hiyo iondolewe ianzishwe upya. Nafasi ya kwanza, mpira wa Karim kwa Ponting. Ya pili, Rajab Ali kwa Lara. Mwenye hoja ya kuzigeuza mbili hizo nitamsikiliza, maana naye atakuwa anazungumzia Kenya. Nafasi ya tatu naiacha wazi kwa Obuya, kwa sababu sitaki kuchagua mmoja kati ya mitano wakati kuna watu waliiona kwa macho yao. Aliyekuwa Gymkhana tarehe 24 Februari 2003, aandike hapa chini alikaa upande gani na mpira uliomtoa Aravinda uligeuka kiasi gani. Mimi sikuwepo, nauli ya kutoka Mombasa ilinishinda.