Kiungio cha kugawa uzito: cha minyororo, cha braketi, au niuze trela?

Baba Neema (Fort Worth, Texas)
Wadau, habari za huko mliko. Nimenunua trela ya kulala ya futi 24. Ikipakiwa inafika pauni 6,200. Naivuta kwa pikapu ya daraja dogo, wanayoiita ya nusu tani. Jumapili niliifunga kwenye boli, lile tufe la chuma la nyuma ya gari, hivihivi tukaelekea ziwani. Taa zinamulika vilele vya miti, usukani mwepesi kama wa baiskeli, na kila lori kubwa likinipita trela inatikisa mkia. Mama Neema alifumba macho hadi tulipofika.

Sasa nataka kiungio cha kugawa uzito, kile kinachorudisha sehemu ya uzito wa boli kwenye magurudumu ya mbele ya gari na ya trela. Dukani nimeona cha minyororo chenye fito mbili za springi, bei poa. Cha fito zinazokalia braketi, ghali kidogo. Na kingine chepesi kisicho na fito, minyororo tu inayobana mipira migumu. Nani anatumia kipi?

Salim_Spana (Columbus, Ohio)
Ndugu yangu, umeanzia dukani badala ya kwenye mizani. Uzito unaokalia boli uwe asilimia 10 hadi 15 ya trela iliyopakiwa, yaani kwako pauni 620 hadi 930. Pima, jumlisha na mizigo utakayoweka nyuma ya ekseli ya pikapu, ndipo uchague fito. Za kubeba pauni 600 zitapinda bila kunyanyua kitu. Za 1,400 zitakurusharusha kama mkokoteni.

Na lala chini usome kibandiko kwenye tundu la kuvutia, chini ya bampa. Mara nyingi kina namba mbili: uzito wa kuvuta bila kiungio hiki, na ule wa ukiwa nacho.

Wanjiku_MN
Mimi niko na cha minyororo, mwaka wa nne huu. Uzito kinagawa vizuri, kuyumba hakizuii. Ilibidi niongeze ile fito ya msuguano ya pembeni, na hiyo lazima uilegeze kabla ya kurudi nyuma. Usiku mmoja, mvua inanyesha, watoto wanalia, nikasahau. Ilijikunja kama kijiko cha bati.

Mzee wangu sasa ana cha braketi. Fito zinasuguana na braketi zenyewe, kwa hivyo anarudi nyuma bila kushuka. Lakini akikata kona pale mtaani kinalia, majirani wote wanajua tumerudi.

Juma_Leeds
Huku Uingereza vitu hivyo hatuvijui. Karavani zetu zimesawazishwa juu ya ekseli, boli linakaliwa na kilo 100 hivi au chini. Tunafunga kiungio cha kampuni ya AL-KO chenye pedi zinazobana boli, na boli lenyewe liwe kavu, ukipaka grisi umeharibu. Halafu mwisho wetu maili 60 kwa saa. Ninyi mnakimbiza nyumba kwa 75!

Salim_Spana
Juma hapo kasema kweli. Baadhi ya tairi za trela mwisho wake ni 65, soma ubavuni.

Baba Neema, kwa ulichoeleza chukua cha braketi. Kile cha mipira ni kimya na hakichafui mikono, ila pua ya trela ikilemea boli sana mimi sikitegemei.

Ufungaji ndio wenye kazi. Egesha mahali tambarare. Pikapu ikiwa peke yake, pima kutoka chini hadi ukingo wa madigadi, mbele na nyuma. Shusha trela kwenye boli bila fito, pima tena. Mbele itakuwa imepanda. Kisha weka fito. Kitabu cha gari lako kitakwambia mbele irudi kiasi gani. Pikapu nyingi ni nusu ya ilivyopanda. Haijarudi? Ongeza washa, zile pete za chuma, ili kichwa cha kiungio kiinamie nyuma zaidi, au pandisha braketi tundu moja. Fito usipigane nazo: funga trela kwenye boli, pandisha jeki mpaka mkia wa pikapu unyanyuke, zitaingia kwa mkono.

Baba Neema
Mrejesho. Nimechukua cha braketi, fito za 1,000. Boli linakaliwa na 780. Mbele, pikapu peke yake, inchi 36.5. Bila fito 38. Jaribio la kwanza 37.75, robo inchi tu! Nikaongeza washa, nikapandisha braketi tundu moja: 37.25. Nimeloa jasho hadi soksi. Jana nimepitwa na malori matatu, trela imetulia tuli.

Wanjiku_MN
Hongera. Na kile kibandiko cha mlango wa dereva umesoma?

Baba Neema
Nimetoka kukisoma sasa hivi. Watu na mizigo pamoja visizidi 1,480. Boli 780, kiungio chenyewe 90, sisi wanne 560. Zimebaki pauni 50.

Jenereta ni 47, bila mafuta. Neema nimeshamwambia baiskeli haiendi.