Naomba ushauri: kumpeleka mama hifadhi ya Ranthambore, India, kuona chui milia

Habari zenu wakuu. Nipo Delhi namuuguza mama, kafanyiwa upasuaji wa goti. Anaendelea vizuri, alhamdulillah, na daktari ameturuhusu kusafiri kwa treni kabla ya kurudi Dar. Simba na tembo wa Mikumi mama kawaona tangu usichana wake, ila chui milia hajawahi. Hapa tulipopanga kuna kalenda ukutani yenye picha yake, kila asubuhi anaigusa kwa ncha ya mkongojo: "Huyu ndiye, mwanangu."

Natamani sana nimtimizie. Treni inafika Sawai Madhopur, mji ulio karibu na hifadhi, hiyo sawa. Tatizo ni gari la kuingilia hifadhini: jipsi (jipu dogo la wazi) ya watu 6 au kenta (lori la wazi lenye viti) ya watu 20. Kenta ni nafuu, lakini goti bado linavimba akikaa muda mrefu, na kukaa kama saa tatu na nusu kwenye njia ya vumbi na mawe si mchezo.

Mliowahi kwenda, lipi halirushi sana, na kupanda kwake kukoje? Hifadhi imegawanywa kwa kanda: kanda ya 1 hadi ya 5, ipi ina njia laini? Asubuhi au jioni? Naombeni mnisaidie, nataka nikate vibali wiki hii.